Wazee wa Baraza Katika Hukumu: Habari za Nchi ya Rufiji

Mtu akipata habari ya kesi iliyokwisha, neno la kwanza aulizalo ni hili: "Hakimu amesema nini?" Ni wachache waulizao, "Na wazee waliokaa pamoja naye wamesema nini?" Walakini tangu Mahakama Kuu ya Tanganyika ilipowekwa mwaka 1920 hata mwaka 2022, kwa muda wa miaka mia na zaidi, Jaji hakupewa ruhusa na sheria kusikiliza kesi ya kuua mtu hali amekaa peke yake. Kando yake walikaa watu wasiosoma sheria: wakulima, wavuvi, wenye maduka, walimu, na mama wa nyumbani. Hao ndio waitwao wazee wa baraza.

Katika maneno haya nataka kueleza asili ya kazi hiyo, jinsi ilivyogeuka kwa kila utawala uliopita juu ya nchi ya Rufiji, na machache niliyoyaona mwenyewe nilipoitwa kuketi katika kiti hicho. Kwa maana iko methali tunayoisema kila siku, kwamba penye wazee haliharibiki neno. Yafaa tuipime kwa mambo yaliyotukia, tuone kama ni kweli, na kama ni kweli, ni kwa sharti gani.

Hukumu ya zamani

Kabla ya Wazungu kuitawala nchi, mashauri ya vijiji yalisikilizwa na wazee. Ndivyo ilivyokuwa kwa watu wa visiwani mwa delta wakaao kati ya mikoko, kwa Warufiji walimao mpunga katika bonde la mto, kwa Wandengereko wa upande wa Kibiti, na kwa Wamatumbi wa milima ya kusini. Mwenye neno alilileta mbele ya wakubwa wa ukoo. Mshitakiwa akaja na watu wake. Maneno yakasemwa mchana kutwa, na aliyependa kusema alisema. Hukumu haikutazama sana kumwadhibu mkosaji. Ilitazama jinsi watu wawili watakavyoweza kuchota maji mahali pamoja kesho yake. Kwa hiyo fidia ilitangulia, na adhabu ikafuata nyuma.

Lakini tusiyasifu mambo ya kale kupita kiasi. Mtumwa hakuwa na sauti katika baraza lile. Mwanamke alisemewa na mumewe au na kaka yake. Mgeni asiye na ukoo alikuwa kama mtu asiye na shahidi. Tena katika sehemu nyingi za nchi zetu neno lilipokuwa gumu, hasa neno la uchawi, wazee waliacha kupima ushahidi, wakampa mtu mwavi anywe. Aliyetapika alikuwa na haki, na aliyekufa alikuwa na hatia. Basi wingi wa wazee peke yake haukuwa kinga. Palipokuwa na hofu, wazee kumi waliweza kupotea kama mzee mmoja.

Siku za Wadachi

Wadachi walipoishika pwani waliukuta utawala wa Sultani wa Unguja, wakayatumia majina yake. Liwali aliwekwa katika miji, akida akapewa sehemu ya nchi, na chini yake majumbe wa vijiji. Boma la Rufiji lilikuwa Mohoro, karibu na delta. Huko Mzungu mkubwa alisikiliza mashauri, ndiyo maana watu wakamwita Bwana Shauri. Mara nyingi aliketi na liwali au wakubwa wengine kando yake ili wamweleze desturi, lakini hukumu ilikuwa yake.

Katika vijiji neno lilikuwa zito zaidi. Akida ndiye aliyetoza kodi. Akida ndiye aliyesimamia mashamba ya pamba ambayo watu walilazimishwa kuyalima. Na huyo huyo akida alikuwa na mamlaka ya kukata mashauri madogo. Mtu aliyepigwa shambani kwa uvivu, akitaka kushitaki, amshitakie nani? Aliyempiga ndiye hakimu. Adhabu iliyojulikana kuliko zote ilikuwa kiboko, na hesabu yake ikawa neno katika lugha yetu mpaka leo: hamsa ishirini.

Twajua matokeo yake. Mwezi wa Julai mwaka 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye watu kutoka mbali walimwendea kwa habari ya maji yake, alikuwa amekwisha kukamatwa. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka 1905. Sitaki hapa kupima mafundisho yake, kwa kuwa hilo ni jambo lingine. Nataka msomaji aone jambo moja tu: waliomkamata, waliomshitaki na waliomhukumu walikuwa upande mmoja. Watu wa nchi walikuja kutazama mti wa kunyongea, wala hawakuja kuulizwa neno. Hukumu ya namna hiyo huweza kumwua mtu mmoja, lakini haiwezi kuwashawishi watu elfu kwamba haki imetendeka. Vita havikuzimika Mohoro siku ile. Vilienea mpaka Songea na Mahenge.

Desturi ya Waingereza, na kilichotokea Kenya

Baada ya vita kuu ya kwanza nchi ikawa chini ya Waingereza. Hawa kwao wana desturi ya zamani iitwayo juri. Watu kumi na wawili wa kawaida huchaguliwa, huapishwa, husikiliza kesi yote pamoja na Jaji, kisha hufungiwa chumbani peke yao wakate neno moja: ana hatia au hana. Jaji huwafundisha sheria na hutoa adhabu, lakini neno la hatia ni lao.

Haki hiyo haikupatikana bure. Mwaka 1670, katika mji wa London, William Penn na William Mead walishitakiwa kwa sababu ya kuhubiri barabarani. Juri ilikataa kuwaona na hatia kama mahakimu walivyotaka. Wale wazee wakafungiwa usiku na mchana pasipo chakula, wasigeuze neno. Wakatozwa faini, na mmoja wao, Edward Bushel, akatiwa gerezani pamoja na wenziwe waliokataa kulipa. Ndipo Jaji Mkuu Vaughan alipoamua kwamba watu wa juri hawawezi kuadhibiwa kwa ajili ya neno walilolikata. Tangu siku hiyo juri ya Kiingereza ikawa huru.

Lakini chombo kizuri huharibiwa na mkono ukishikao. Katika Kenya juri iliwekwa kwa ajili ya washitakiwa Wazungu tu, na watu wake wakawa Wazungu watupu. Mwaka 1923 huko Molo mtumishi Mwafrika aliyeitwa Kitosh alipigwa na bwana wake Jasper Abraham kwa sababu alimpanda farasi badala ya kumwongoza kwa miguu. Baada ya kupigwa alifungwa kamba akalazwa stoo, na usiku akafa. Juri ya walowezi haikusema kwamba ameuawa. Ilisema kwamba bwana wake ana hatia ya kumwumiza vibaya, naye akapewa kifungo cha miaka miwili. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wale watu wa juri hawakuwa watu wa nchi nzima. Walikuwa watu wa upande mmoja. Basi hilo ni fundisho la pili kwetu: haitoshi kwamba wapo wazee, yapasa kuuliza wazee hao ni wa nani.

Wazee katika Mahakama Kuu ya Tanganyika

Huku Tanganyika Waingereza hawakuleta juri. Walileta desturi nyingine waliyoitumia katika Uhindi, kwa kuwa mwanzoni sheria nyingi za Uhindi zilitumika hapa. Katika desturi hiyo Jaji huketi na wazee wawili au zaidi. Mwaka 1930 Tanganyika ilipata sheria yake ya makosa ya jinai na sheria yake ya kuendesha kesi, na kiti cha wazee kikabaki.

Tofauti ya mzee wa baraza na mtu wa juri ni kubwa. Mtu wa juri husema kwa siri chumbani pamoja na wenziwe; mzee wa baraza husema mwenyewe, peke yake, mbele ya watu wote. Neno la juri humfunga Jaji. Neno la mzee halimfungi. Wazee wote wakisema mtu huyu hana hatia, Jaji aweza kumwona ana hatia, na ni desturi njema ya mahakama kwamba aandike sababu zake. Kwa hiyo wako waliocheka, wakasema kwamba mzee wa baraza ni pambo la mahakama, kama saa isiyotembea ukutani.

Ugumu mkubwa ulikuwa lugha. Jaji alisema Kiingereza, mawakili walibishana kwa Kiingereza, na mzee alitoka Utete au Kibiti na Kiswahili chake, akamtegemea mkalimani. Maneno ya saa nzima yalifika kwake kwa dakika chache. Kisha aliulizwa, "Waonaje?" Aonaje mtu ambaye hakuonyeshwa? Mwaka 1954 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilifundisha kwamba maoni ya wazee yaweza kumsaidia Jaji sana, lakini ni mpaka wawe wameyafahamu mambo ya kesi pamoja na sheria yake. Wasipoelezwa, thamani ya maoni yao hupungua. Maneno hayo yalirudiwa na majaji wetu mara nyingi baada ya uhuru, nayo ni ya haki kabisa.

Mahakama za vijijini

Mahakama Kuu ni ya kesi kubwa, na watu wengi hawaioni maisha yao yote. Mahakama waijuayo ni ile ya karibu. Katika siku za Waingereza, kwa sheria ya mwaka 1929, mahakama za wenyeji zilitengwa na Mahakama Kuu zikawekwa chini ya maofisa wa utawala. Katika nchi za machifu chifu alihukumu. Katika pwani, ambako hapakuwa na machifu wakubwa, maliwali waliendelea. Wakili wa sheria hakuruhusiwa kuingia. Wazee waliketi, na desturi ya nchi pamoja na sheria ya Kiislamu katika ndoa na mirathi zikafuatwa. Lakini kasoro ya siku za akida haikutoka yote, kwa sababu mtawala wa nchi na mkata mashauri walikuwa bado ni mtu mmoja, au ndugu wa nyumba moja.

Baada ya uhuru mambo hayo yaligeuzwa. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulikomeshwa kwa sheria, na katika mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kutumika mwaka 1964. Hapo mahakama zote ziliunganishwa katika ngazi moja: Mahakama ya Mwanzo chini, kisha ya Wilaya, na juu yake Mahakama Kuu. Hakimu akawa mtumishi wa mahakama, wala si mtoza kodi.

Kisha ikaja hatua iliyo kubwa kuliko zote katika habari hii, ijapokuwa husemwa kidogo sana. Sheria ya mwaka 1984 ilisema kwamba Mahakama ya Mwanzo itaketi na wazee wasiopungua wawili, na kwamba neno litakatwa kwa wingi wa kura za hakimu na wazee. Kura zikilingana, hakimu huongeza kura ya kuamua. Kanuni za mwaka 1987 zikaongeza kwamba ushahidi ukiisha hakimu atashauriana na wazee, na wakiafikiana wote watatia sahihi hukumu hiyo. Wala hakimu haruhusiwi kuwahutubia wazee kama Jaji awahutubiavyo wa Mahakama Kuu, badala ya kushauriana nao. Tazama basi: mzee wa kijijini, ambaye katika siku za akida hakuulizwa, na ambaye katika siku za Waingereza aliulizwa pasipo kufuatwa, sasa alipewa kura. Wazee wawili waliweza kumshinda hakimu mmoja.

Niliyoyaona katika kiti hicho

Miaka michache iliyopita niliitwa kuketi katika mahakama moja ya mwanzo ya upande wa delta. Mwenzangu alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mchonga mitumbwi. Hakimu alikuwa kijana mzaliwa wa bara, mwenye elimu njema na subira.

Kesi moja ilikuwa ya mtumbwi. Wakati wa masika mto ulijaa, na mtumbwi wa mtu mmoja ulikatika kamba usiku ukachukuliwa na maji. Baada ya miezi miwili mwenyewe aliuona kwa kijana wa kijiji cha chini, akiutumia kuvulia kamba. Akamshitaki kwa wizi. Msomaji asiyekaa delta aweza kudhani ni jambo dogo. Lakini kwetu mtumbwi ni njia ya kwendea shamba, ni duka, ni gari la mgonjwa. Anayemwibia mtu mtumbwi amemkata miguu. Kwa upande wa pili, kijana yule alikuwa na mke na mtoto mchanga, na kifungo kilikuwa mbele yake.

Jioni ya kuamkia siku ya kesi, mjomba wa mshitakiwa alifika nyumbani kwangu. Alibisha hodi, tukasalimiana kwa heshima, akauliza habari za watoto na za shule. Hakutaja kesi hata kwa neno moja. Aliweka pakacha la kamba mlangoni akainuka aende zake. Nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo yako nimeipokea na marahaba yangu unayo, lakini pakacha hili silipokei mpaka kesi iishe, na likirudi baada ya kesi sitalipokea vilevile." Alikaa kimya, kisha akacheka kidogo, akalichukua. Asubuhi nilimwarifu hakimu mbele ya mwenzangu. Naandika jambo hili ili watu wajue ugumu wa kazi yenyewe. Mtu wa juri katika mji mkubwa huhukumu mtu asiyemjua, kisha hurudi kwake wasionane tena. Mzee wa baraza humhukumu mtu ambaye Ijumaa watakutana sokoni, na ambaye mtoto wake aweza kuwa darasani kwake.

Ushahidi ulikuwa mfupi. Mlalamikaji alisema mtumbwi ni wake, naye kijana hakukana. Alisema aliuona ukielea kati ya mikoko, akaufunga, na kwa kuwa mwenyewe hakutokea akautumia. Askari alisema kijana hakutoa habari kituoni. Kwa masikio yangu neno lilionekana limekwisha: kitu si chako, umekitumia, hukutoa habari.

Ndipo hakimu alipotuuliza kama tuna maswali. Mwenzangu aliinua kichwa, akamwuliza mlalamikaji, "Siku ulipouona mtumbwi wako, ulikuwa umefungwa wapi?" Akajibu, "Dikoni, mbele ya msikiti." Akamwuliza tena, "Kiraka cha omo ulichokitia wewe, kilikuwepo?" Akajibu, "Kilikuwepo." "Umepigwa rangi? Umechongwa mahali pa alama yako?" "Hapana, ulikuwa vilevile." Akamgeukia kijana, akamwuliza, "Ulipouleta dikoni ulimwambia nani?" Kijana akataja watu wawili. Hakimu akaagiza mmoja wao aitwe. Shahidi alikuja, akasema kwamba kijana alitangaza siku ile ile mbele ya wavuvi kuwa ameokota mtumbwi, na mwenye kupotelewa na aje.

Maswali machache tu, na kesi ikageuka. Kwa maana aliyeiba huuingiza mtumbwi katika vijito, akauchonga upya, akaubadili sura. Haufungi dikoni mbele ya msikiti, mahali ambapo kila apitaye huuona. Sheria ya wizi huuliza nia ya mtu, na nia haionekani kwa macho. Huonekana kwa matendo. Hakimu aliijua sheria hiyo kuliko sisi sote. Asichokijua ni mahali mwizi wa mitumbwi afichapo mali yake, na hilo halimo katika kitabu.

Tena nilitazama jambo lingine, na hili ndilo lililonifundisha zaidi. Mwenzangu hakusema, "Mimi mchonga mitumbwi najua desturi za hapa, kijana huyu hana hatia." Angesema hivyo angekuwa shahidi asiyeapa, na mlalamikaji asingepata nafasi ya kumjibu. Elimu yake aliifanya kuwa swali, akaliweka swali mbele ya watu wote, naye mwenye kujibu akajibu. Tulipoingia kushauriana hakimu alimwuliza kila mmoja wetu na sababu zake. Sote watatu tuliafikiana kwamba kijana hana hatia ya wizi, na mtumbwi urudi kwa mwenyewe. Tukatia sahihi. Nilipoliandika jina langu chini ya hukumu ile nilitambua kwamba hakuna tena mtu wa kumtupia neno nikiulizwa njiani. Nje ya mahakama wenyewe walipatana juu ya ujira wa kuutunza, kama desturi ya mto ilivyo.

Mabadiliko ya siku hizi

Wakati hayo yakiendelea katika mahakama ndogo, kiti cha wazee katika Mahakama Kuu kilianza kutikisika. Sababu si kwamba wazee walikuwa wabaya. Sababu ilikuwa makosa ya kuendesha kesi. Mara nyingi Mahakama ya Rufani ilizifuta kesi za kuua kwa kuwa wazee hawakuelezwa kazi yao, au Jaji hakuwafafanulia sheria yapasavyo, au wazee waliwahoji mashahidi kwa ukali kama mawakili, ingawa kazi yao ni kuuliza ili wafahamu. Kesi ikifutwa huanzishwa upya. Mashahidi wamekufa au wamehama, na mshitakiwa hukaa rumande miaka mingine. Jambo lililowekwa ili kumlinda likawa linamchelewesha.

Kenya iliondoa wazee katika kesi za Mahakama Kuu mwaka 2007. Kwetu sheria ya mwaka 2022 haikuwaondoa kabisa, bali iliondoa ulazima: Jaji aweza sasa kuketi nao au kuketi bila wao. Na hapa yafaa tukumbuke tarehe nyingine. Ni mwaka 2021 ndipo sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Yaani ule ukuta uliowazuia wazee wasisikie kwa miaka mia moja ulibomolewa, na mwaka uliofuata kiti chao kikaachwa kwa hiari ya Jaji. Mgeni alipofunguliwa dirisha asikie, mkeka wake ukakunjwa.

Wenye kuyasifu mabadiliko hayo wana hoja, wala si vema kuzidharau. Wasema kwamba Jaji amesoma, tena huandika sababu zake, na sababu zilizoandikwa zaweza kukatiwa rufani. Mzee husema "namwona ana hatia" na pengine hawezi kueleza kwa nini. Wasema pia kwamba wazee huhongwa, na kwamba hofu ya uchawi bado hutembea vijijini. Yote hayo ni kweli kwa sehemu yake. Pakacha la kamba nililisimulia mwenyewe.

Lakini nauliza: je, hofu na rushwa huwapata wazee peke yao? Na dawa ya mzee asiyeelezwa vizuri, ni kumwondoa au ni kumweleza? Historia ya Rufiji yatuonyesha hukumu za namna mbili zilizoshindwa. Ya kwanza ni ile ya wazee wasio na kanuni, iliyompa mtu mwavi. Ya pili ni ile ya mwenye mamlaka asiye na wazee, iliyosimamisha mti wa kunyongea Mohoro. Mahakama ya Mwanzo kama ilivyowekwa na sheria ya mwaka 1984 ilijaribu kuzikwepa zote mbili: hakimu awape wazee kanuni, na wazee wampe hakimu macho ya nchi. Basi methali yetu ni ya kweli kwa sharti hili: penye wazee haliharibiki neno, ikiwa wazee wameelezwa, ikiwa ni wa watu wote wala si wa upande mmoja, na ikiwa kila mmoja husema neno lake waziwazi na kulitilia jina lake.

Basi, ndugu msomaji, ukiitwa siku moja kuketi katika kiti hicho, usikikimbie kwa kusingizia shamba au udhaifu wa miguu, kwa maana kiti kikiachwa na wenye haki hukaliwa na wengine. Fika mapema. Sikiliza pande zote mbili kabla ya kuupima uso wa mtu. Usipofahamu neno la sheria, uliza hapo hapo, wala usione haya. Asiyeuliza ndiye amponzaye mshitakiwa. Ulijualo lifanye swali, usilifanye hukumu. Mlango wako ufunge jioni ya kuamkia kesi. Na neno lako likishindwa na maneno ya wenzio, rudi nyumbani kwa amani, kwa kuwa limesemwa mbele ya watu na limeandikwa. Babu zetu wengi walihukumiwa pasipo mtu wa nchi yao kuulizwa hata neno moja.